Nukta za Kituo cha Saba

Tarehe 3 Machi

Baba Mheshimiwa,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Wiki tano ni nyingi, najua. Gari la kukusanya rejista limepita hapa mara tano, na kila mara dereva anatoa kichwa dirishani, "Shemeji, barua ipo?" Nami namjibu haipo, huku nikitazama chini kama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Ningeweza kusingizia meno ya mtoto. Meno yapo kweli, mawili ya chini, na yametoka kwa kelele mpaka jirani yetu fundi cherehani akauliza kama humu ndani tunachinja. Hilo jina la Mheshimiwa ulilompa amelishika barabara: akilia nyumba nzima inasimama, akilala tunanong'ona. Lakini si meno.

Ni ile picha.

Uliniambia, "Nimekutumia picha uone ninapokaa kazini." Nimepaona. Nimeona meza, nimeona kioo cha kompyuta kikubwa kama dirisha, na nimeona mkono wa mwanamke juu ya mgongo wa kiti chako. Mkono una saa. Mwenyewe ameinama anakuonyesha kitu, nawe umeachama kidogo kama mtu anayelishwa. Nimeitazama hiyo picha mpaka simu ikazima chaji.

Tulikubaliana tusifichane, kwa hiyo nasema: naona wivu. Unanipanda asubuhi nikifua nepi, unatulia mchana, unanipanda tena. Kwenye simu siwezi kukueleza. Kwenye simu mtoto analia, wewe unasema "mm, mm," na mtandao unakata pale pale ninapofika penyewe. Karatasi hainikatizi.

Tena nikijichunguza vizuri sina uhakika ni wivu wa nini. Wa huyo dada, ndiyo. Lakini jana nimejikuta natazama zaidi kiti. Miaka mitatu nilikuwa karani wa rejista hapa Kituo cha Saba, nikiandika uzito wa watoto wa watu, na wewe ukiandika wa Kituo cha Pili. Tangazo la mafunzo ya utaalamu wa data tulilisoma pamoja, kwenye ukuta mmoja. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba na miguu imevimba haiingii kiatu. Tukapatana: tangulia wewe, ukithibitishwa kazini zamu inayofuata ni yangu. Tukapeana mkono, tukacheka. Wewe labda uliona ni mchezo. Mimi tangu siku ile nahesabu miezi.

Basi niambie huyo dada ni nani, na unathibitishwa lini. Jibu la kwanza unaweza kulipamba. La pili nataka tarehe.

Mheshimiwa anakusalimu. Kona ya karatasi hii ameila yeye.

Mkeo,
Mama Mheshimiwa


Tarehe 14 Machi

Mke wangu,

Nimecheka mpaka wenzangu wakageuka. Huyo ni Mkuu wa kitengo chetu! Ni mtu wa rika la shangazi yangu, na anasimama nyuma ya kila mtu, si mimi peke yangu. Mkuu hataki tuiulize kompyuta jambo kabla hatujawauliza watu. Atakukuta unabofya, atakuuliza, "Umeongea na nani leo?"

Nilidhani mtaalamu wa data kazi yake ni kubashiri mambo makubwa. Siku nne kati ya tano nasafisha majedwali. Nakutana na tarehe zilizoandikwa kinyume, mtoto mchanga wa kilo sabini, mama aliyezaliwa baada ya mwanawe. Siku ya tano ndiyo unaifundisha kompyuta. Mkuu anasema anayeona kusafisha ni kazi ya chini atafute pengine.

Sasa sikiliza. Tunaifundisha kompyuta itambue mapema mtoto atakayedhoofika, kabla hata muuguzi hajaona. Imekubali vituo vyote, imekwama kwenu. Mwaka jana, Februari, Machi na Aprili, watoto mia moja na arobaini wa Kituo cha Saba waliacha kukua. Mtoto ana kilo saba na gramu mia tatu Januari, na Februari hivyo hivyo, na Machi, na Aprili. Kompyuta inapiga kelele: njaa. Mkuu anasema ama ni njaa ama ni makarani wavivu. Nilimwambia Mkuu makarani wa pale nawajua, akaniangalia tu juu ya miwani. Wahudumu watapita nyumba kwa nyumba kuwahoji akina mama waliwalisha nini watoto wao. Orodha ya majina ipo tayari, wanaanza tarehe kumi Aprili.

Nami tarehe mbili Aprili nasimama mbele ya wakubwa kuzieleza hizo namba. Mkuu kasema wazi siku hiyo ndiyo itaamua kama nathibitishwa. Hiyo ndiyo tarehe uliyoitaka. Nikishindwa, narudi kusafisha majedwali ya wenzangu mwaka mwingine mzima.

Wewe miezi ile ulikuwa bado kazini. Uliona nini? Nisaidie, maana Mkuu anaulizia kila asubuhi.

Mbusu Mheshimiwa.

Mumeo


Tarehe 20 Machi

Baba Mheshimiwa,

Nakujibu papo hapo, dereva anakunywa maji kibarazani.

Kwanza nimeihesabu barua yako kama nilivyozoea kuhesabu rejista. Mkuu: mara saba. Mtoto wako: mara moja, mwishoni, kama chumvi iliyosahauliwa. Shangazi yako ana umri gani? Nauliza tu.

Pili, hao makarani wavivu ni mimi.

Mizani ya kuning'inia ilikatika springi Februari. Tuliomba nyingine, ikaja Mei. Na unawajua wasimamizi: ukurasa wenye kisanduku kitupu unarudishwa, kituo kinaandikiwa onyo. Basi hapa Saba tulikuwa na desturi yetu, nadhani hata ninyi wa Pili hamkuijua. Tuliiita kurithisha. Mtoto akija na mizani imelala, anarithi uzito wake wa mwezi uliopita. Ili Muuguzi Mkuu asipotee, kila uzito wa kurithi tuliuwekea nukta moja ya kalamu chini ya tarakimu ya mwisho. Yeye akiiona nukta anajua hapa hapana namba, anamvua mtoto nguo, anamtazama mashavu na mapaja kwa macho yake. Hakuna mtoto aliyetupita mgonjwa miezi ile. Lakini walioingiza rejista kwenye kompyuta waliingiza namba, nukta wakaona ni uchafu wa wino.

Rejista za karatasi ziko huko kwenu ghalani, majalada ya kijani. Fungua utaziona. Halafu usiishie Saba. Iambie hiyo kompyuta yenu itafute kila kituo ambacho watoto wengi wamerudia uzito ule ule mpaka gramu, mwezi mmoja kwa wote. Nimechora uzito wa Mheshimiwa nyuma ya kalenda, miezi yote: mstari unapanda, ulijikunja alipoharisha, ukapanda tena. Haujawahi kulala. Mtoto mmoja anaweza kusimama mwezi. Watoto mia moja na arobaini hawasimami siku moja kama askari. Wakisimama, uliza kwanza habari za mizani.

Na akina mama wasihojiwe. Niliwapokea mimi, nawajua mpaka kanga walizobebea. Mmoja akija kuulizwa mlangoni kwake, "Ulimnyima mtoto chakula?" kwa sababu ya nukta yangu, uso wangu nitauweka wapi?

Naona aibu, sikudanganyi. Hata hivyo nitaje. Sema ni karani gani, sema ni mke wako, sema alikosea na amesema mwenyewe. Kama kuna wa kugombezwa, nigombezwe kwa jina langu.

Dereva amemaliza maji.

Mkeo


Tarehe 5 Aprili

Mke wangu mpendwa,

Imekwisha vizuri kuliko nilivyoota. Majalada ya kijani nilifungua, nukta zipo, nyingi kama mchanga. Nikaiandikia kompyuta kanuni ya mistari iliyolala, ikatutolea vituo vingine vinne. Tukapiga simu, na vyote vinne mizani ilikuwa mbovu! Wakubwa walipiga makofi. Wahudumu hawaendi kumhoji mama yeyote. Na mimi nimethibitishwa.

Sikukutaja. Niliona nikulinde, maana watu wanaweza kusema umeharibu rejista. Nilisema nimeongea na karani mmoja wa zamani, basi.

Kuhusu zamu yako, tusiharakishe. Mtoto bado ananyonya. Tena haya mambo yana hesabu nzito, mke wangu, hata mimi nachechemea. Tutalizungumza mwakani nikishatulia.

Nakutumia blanketi la Mheshimiwa.

Mumeo


Tarehe 22 Aprili

Kwa Karani wa zamani wa Kituo cha Saba,
kwa mkono wa Muuguzi Mkuu

Ndugu Karani,

Hatujuani. Mimi ni mkuu wa kitengo cha data makao makuu. Kijana wangu mmoja alipotueleza habari za kurithisha na nukta, nilimwuliza amezipata wapi, akasema kwa karani mmoja wa zamani. Nilimwuliza na ile kanuni ya mstari uliolala, akafunga daftari lake, kisha akasema, "Hiyo pia tuliongea."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na nilianza kwa kuhesabu mizigo ghalani. Nikwambie ukweli, siku ile nilikuonea wivu. Nilikuwa nimezitazama namba zile wiki sita nikiona njaa.

Kuna nafasi mbili za mafunzo, miezi tisa, kwa watu wanaojua rejista zinavyoandikwa na mikono ya watu. Cheti kikubwa hakihitajiki. Hesabu utafundishwa. Mwenye mtoto mchanga anakuja naye, tuna chumba na mlezi. Siku nne baada ya mkutano wetu nilimpa kijana fomu yako akufikishie. Juzi nimemwuliza, akaniambia umehama na huna haja tena. Huenda ni kweli. Lakini nimejifunza kuuliza mara mbili, ndiyo sababu ya barua hii.

Mwisho wa kurudisha fomu ni tarehe 15 Mei. Mtihani ni tarehe 20, saa tatu asubuhi, hapo hapo kituoni kwenu, atakuja msimamizi.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Kitengo


Tarehe 25 Aprili

Kwa Mkuu wa Kitengo,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata. Muuguzi Mkuu kaileta mwenyewe mpaka mlangoni, anahema, anasema, "Wewe bibi, umeiba nini makao makuu?" Nikaisoma nimesimama, mtoto begani. Akaniuliza, "Mbona umekuwa hivyo?" Nikamwambia ni jua.

Sijahama. Naishi mahali pale pale, na haja ninayo kubwa.

Kijana wako anajua ninapoishi. Kitanda ninacholalia amekipigilia misumari yeye. Ni mume wangu.

Nimekaa siku mbili kabla ya kuandika mstari huo. Nilitaka kuusema kwa ukali, nikaona ukali unafika kwa mtu asiyestahili. Naomba usimwadhibu kwa ajili yangu. Kazini ni wako, ila kwa hili ni wangu, niachie. Ni mtu mwema. Siku ya uchungu alinibeba mgongoni mpaka kituoni, gari lilipokosekana, na hakunikumbusha hata mara moja.

Nikuombe na radhi. Tangu mwisho wa Januari nimekuchukia kwa sababu ya picha. Umevaa saa. Nilidhani unanichukulia mume, kumbe nafasi yangu ndiyo umekuwa ukiituma na mume ndiye anaikalia. Sijui niite nini hali hii. Mtu anajiandaa kupigana na jirani, kumbe ugomvi uko ndani kwake.

Fomu nyingine usinitumie, tafadhali. Naitaka ile aliyonayo yeye.

Wako mtiifu,
Karani, Kituo cha Saba


Tarehe 3 Mei

Mama Mheshimiwa,

Mkuu aliniita. Hakunigombeza. Aliiweka barua yako mezani, akageukia dirishani mpaka nikamaliza kusoma. Kisha akasema, "Nenda kaandike." Ndiyo hii, ya sita, tano nimezichana.

Nilitaka kuandika tena kwamba nilikuwa nakulinda. Si kweli. Nilikuonea wivu.

Miezi miwili nilikaa mbele ya zile namba. Nimesoma vitabu, nimewauliza wenzangu, nimejaribu kanuni ambazo hata kuzitamka ni shida. Wewe ulijibu dereva akinywa maji. Hukujibu tu, ukaniambia na cha kufanya kwenye vituo vingine, ukiwa na mtoto na kalenda. Nilisimama mbele ya wakubwa nikisema maneno yako, nao wakipiga makofi, na kila kofi nilisikia linapita sikioni linakwenda kwako. Nikawaza, akija hapa, itachukua muda gani kabla sijawa "mume wa yule"?

Fomu ipo kwenye droo yangu. Kila asubuhi nasema leo nitaituma, nafunga droo. Mkuu aliponiuliza, uongo ulitoka mwenyewe, laini kabisa, mpaka nikajiogopa. Wewe uliandika wazi una wivu, ukaniomba msamaha kwa kuchelewa barua. Mimi wangu niliuita hekima, nikakwambia hesabu ni nzito.

Sijui nianzie wapi. Niambie unataka nifanye nini.

Mumeo, kama bado


Tarehe 7 Mei

Baba Mheshimiwa,

Bado. Usiniulize tena.

Nimelia, nimeosha uso, nimemnyonyesha mwanao, nimeisoma barua yako mara ya pili nimetulia. Iliyoniuma zaidi si droo. Ni "karani mmoja wa zamani." Miaka minne tunakula sahani moja, na mbele za watu nimekuwa karani mmoja. Hilo utalilipa polepole, wala si kwa mablanketi.

Wivu wako sikulaumu, naujua unavyotafuna. Nilikaa na wangu wiki tano siwezi kushika kalamu, na mtu wa kumkasirikia alikuwa ni mkono na saa. Lakini mimi wangu ulinikalisha kimya. Wako ulitoka nje ukafanya kazi. Ulinihamisha nyumba bila mimi kubeba hata sufuria. Kuna tofauti hapo, naomba uione, maana sitaisema mara mbili.

Kuhusu "mume wa yule." Mimi nimekuwa mke wa fulani, mama wa fulani, karani wa kituo fulani, na bado napumua. Utazoea. Ukishindwa, hapo mezani kwako kuna mtu aliyekiri kwa maandishi kuwa alinionea wivu, na katika barua hiyo hiyo akanipa nafasi. Mwombe akufundishe.

Naweza kushindwa huo mtihani. Nimelijua hilo tangu mwanzo. Usiku silali vizuri, na hesabu ya mwisho ya darasani niliifanya zamani. Nikishindwa, nishindwe mimi, kwa kalamu yangu, nipewe alama zangu nizione. Usinishindie.

Sasa umeuliza nataka nini. Leo ni tarehe saba, gari linarudi huku tarehe kumi na moja. Nitumie hivi:

Fomu, ile ile, usiikunje. Iweke kati ya majalada mawili magumu.

Nakala ya barua uliyowaandikia wakubwa wote waliokupigia makofi, ikisema nukta na mstari uliolala vimetoka kwa nani, na huyo ni nani wako. Nakala, maana yenyewe utakuwa umeshawapa.

Madaftari yako ya mafunzo, la kwanza mpaka la sita. Usifute ulipokosea. Nataka kuona ulipokosea.

Kompyuta ndogo ya zamani na waya wake wa chaji.

Kalamu mbili za wino mweusi na rula.

Dawa ya ufizi ya mtoto, ya kupaka, ile ya kopo dogo. Ya kunywa anaitema.

Barua ya ruhusa yako ya kazi, imegongwa mhuri, kuanzia tarehe 19 mpaka 21 Mei.

Na wewe mwenyewe, uwe kwenye benchi la nje la Kituo cha Saba tarehe 20 saa mbili na nusu asubuhi, mikono mitupu, umpokee mtoto, ukae naye mpaka nitoke, hata nikiwa wa mwisho kutoka.

Mkeo